Mwangalie Kabla Hujamchapa

Walimu wa Nakaloke, mnaohubiriwa Jumapili na mnaohutubiwa Ijumaa, nasema nanyi nyote. Katika Injili, binti Yairo alikuwa na miaka 12, rika la watoto wenu wa darasa la sita. Yesu alipomwinua kitandani hakumpa somo. Aliagiza apewe chakula! Sisi tunampa hesabu mtoto aliyelala njaa, kisha akisinzia tunamwita mvivu.

Mvivu? Mwite karibu umfungue kiganja. Kikiwa cheupe, huenda damu imepungua, na huku kwetu malaria na minyoo huchangia sana. Hapo jirani Busia, upande wa Kenya, shule zilipowapa watoto dawa za minyoo, utoro ulipungua kwa robo; wachumi Miguel na Kremer waliliandika hilo mwaka 2004. Kidonge kilifanya kazi ambayo viboko havikuweza.

Na yule aliyekuwa hodari, akaugua, akarudi mzito? Watafiti waliwafuatilia watoto waliougua malaria ya ubongo wakatibiwa hospitali ya Mulago. Miaka miwili baadaye, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa bado anapata shida ya kukumbuka, kuwa makini au kujifunza. Huyo ndiye unayemwita kichwa maji mbele ya wenzake! Mrudie somo, ndugu yangu. Mrudie tena.

Mwenye selimundu naye, na mashariki yetu hii wapo wengi, usimsimamishe juani mstarini. Usimwache anyeshewe mvua eti ni nidhamu. Mwache aweke chupa ya maji dawatini, anywe apendavyo, na akiomba kwenda chooni mara tatu katika kipindi kimoja, aende. Akisema mifupa inamuuma, mwamini. Mwite mzazi, apelekwe hospitali ya Mbale saa hiyo hiyo. Maumivu yale hayaigizwi.

Mtoto anayenakili kwa jirani, msogeze mbele kwanza. Labda haoni ubao.

Najua mtasema mshahara hautoshi hata kwa watoto wenu. Ni kweli, wala sikuombi ununue posho. Sheria ya elimu ya 2008 imemwachia mzazi jukumu la chakula. Basi mkutano wa wazazi ukiitishwa, simama useme bila haya: mavuno yameingia, kila nyumba ilete mahindi ya uji. Asiye nacho, mwanawe asiachwe pembeni akitazama vikombe vya wenzake.

Fimbo iache nyumbani. Imekatazwa shuleni tangu 2016.