Aliyeadhibiwa nje ya jela, nani atampokea?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, lipo jambo lililotokea huku kwetu Wanging'ombe ambalo naona haya kulieleza, lakini nitalieleza. Kijana niliyemsomesha madrasa aliiba magunia mawili ya viazi ya jirani yake. Alikamatwa, akakiri. Mahakama haikumpeleka jela. Ilimpa adhabu ya kuitumikia jamii: kufagia na kufyeka majani katika zahanati, bila malipo, chini ya usimamizi wa Afisa Probesheni. Asubuhi moja nilipita pale, akanitolea salamu. Nikaijibu kwa sauti ya chini na kuongeza mwendo, nisionekane nimesimama na mwizi. Ijumaa iliyofuata hakuja msikitini. Mahakama ilimpa adhabu ya kufyeka. Ya kutengwa tulimwongezea sisi.

Wengi wetu tukimwona mkosaji yuko nje tunasema ametoa rushwa. Sivyo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kutoa kazi ya manufaa kwa umma badala ya kifungo kisichozidi miaka 3. Afisa Probesheni huchunguza kwanza mwenendo wa mtu huyo, familia yake na mazingira anayoishi, akampa hakimu taarifa. Kisha humfuatilia. Akikaidi, hurudishwa mahakamani na anaweza kufungwa. Hiyo ni adhabu, si msamaha.

Na hekima yake si ngeni kwetu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliyeua watu 100 alimuendea mwanachuoni kuuliza kama ana toba. Mwanachuoni hakumkatisha tamaa, bali alimtaka auhame mji wake muovu aende kwa watu wanaomuabudu Allah. Yaani mtu hutengenea kwa wale anaokaa nao. Sasa mwizi wa viazi ukimlaza chumba kimoja na majambazi, atatoka na elimu gani?

Aidha, Bukhari amepokea kwamba mlevi mmoja alipokwisha kuadhibiwa, baadhi ya watu walimuapiza. Mtume (SAW) akawakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Na katika Suratul Maidah, mara tu baada ya aya inayotaja adhabu ya mwizi (5:38), inafuata aya ya toba na kutengenea (5:39).

Atauliza mtu: na mwenye viazi je? Haki yake ipo palepale. Toba ya aliyemdhulumu mwenzake haitimii mpaka arudishe alichochukua au asamehewe. Hapo ndipo msikiti unapohitajika: kuwakutanisha wawili hao, na kumtafutia kijana kibarua ili apate cha kulipia.

Tarehe 9 Desemba 2019, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Kila mmoja wao alikuwa na mahali pa kurudi, na baadhi bila shaka walirudi jirani na misikiti yetu. Tuliwapokea vipi?

Afisa Probesheni ni mtu mmoja na wilaya ni pana. Mkono mmoja haulei mwana. Maimamu na kamati za misikiti, kuanzia Makambako hadi Njombe mjini, wamjue afisa wa eneo lao. Wamwambie: kijana huyu ni wetu, tutamfuatilia pamoja nawe. Allah (SW) ametuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu (5:2).

Mimi nilikwenda kwao kumtaka radhi. Amerudi kuswali, ila bado husimama safu ya mwisho, karibu na viatu. Waislamu, tumsogeze mbele.

Wabillahi tawfiq.