Kutunza Ngozi na Kugeuza Ngozi: Mupaka Uko Wapi?

Kati ya desturi ambazo wazee walituachia, iko moja ambayo watu hawaiandike sana, kwa sababu inafanyika asubuhi mapema, nyuma ya mulango: kuoga na kupakala mafuta. Tunaandika juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya ngoma na majina. Juu ya ngozi tunanyamaza. Lakini ngozi ndiyo kitu cha kwanza ambacho mutu anaonyesha mwenzake. Kwa hiyo tunapenda kuweka hapa ulizo moja mbele ya wasomaji wetu: kutunza ngozi kunaishia wapi, na kuikana kunaanzia wapi?

Huku kwetu Katanga kila mutu anajua upepo wa mwezi wa tano mpaka wa nane. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200 kupita usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi usiku unakuwa baridi, vumbi inaruka, midomo inapasuka, visigino vinafunguka. Mutoto akitoka inje bila mafuta, majirani hawamucheki yeye. Wanauliza: « Ule mutoto hana mama? Anatoka mu bunga? » Ni neno la kuchoma, lakini ndani yake muko mafundisho. Linasema kwamba ngozi ya mutu si kazi yake peke yake. Kuko mukono uliomupakala mbele hajajua kujipakala mwenyewe. Mutoto anayeng'aa anaonyesha kwamba kuko mutu anayemuhesabu.

Nkambo zetu hawakuwa na chupa kumi juu ya meza. Walikuwa na mafuta ya ngazi, na yale meusi yanayotoka mu kokwa, ambayo walikaanga, wakatwanga, wakachemsha, wakaengua polepole. Siku za kawaida, ni maji na mafuta. Siku kubwa, pale mutu anapozaliwa, anapoinuliwa ao anapofiwa, kukaja rangi: mpemba nyeupe na nkula nyekundu. Lakini rangi zile zilikuwa za siku na za maana. Kesho yake mutu aliosha, na ngozi yake ilikuwa inamungojea palepale.

Kisha kukaja nyakati zingine. Mu 1911 Mwingereza William Lever alianzisha Huileries du Congo Belge. Watu wa Kwilu walipanda michikichi kwa kukata ngazi, mara nyingi kwa kulazimishwa, na kituo kikubwa kikaitwa Leverville; leo ni Lusanga. Mafuta yetu yalikwenda Ulaya kutengeneza sabuni, na sabuni ikaturudilia na bei yake, pamoja na mafundisho kwamba usafi ni kitu cha wageni. Mu 1948 serikali ya kikoloni ikatoa karata ya « mérite civique », na mu 1952 ikaongeza « immatriculation ». Mweusi aliyetaka kuhesabiwa kuwa mustaarabu alichunguzwa mpaka namna anavyoishi mu nyumba yake. Hatusemi kwamba sabuni ni mbaya. Sisi wote tunaitumia. Tunasema kwamba tulizoeshwa kujiangalia kwa macho ya mutu mwingine, na macho yale hayakuondoka siku ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960.

Leo macho yale yanauzishwa ndani ya chupa. Wengine wanapenda kumaliza mabishano haraka kwa mezali: mwacha asili ni mutumwa. Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni fupi sana. Wazee wenyewe waligeuza ngozi zao. Watabwa walikuwa na kulemba, Waluba walikuwa na ntapo: walichanja mwili, na alama haikutoka mpaka kaburini. Tukisema kwamba kila mwenye kugeuza ngozi anaacha asili, tutawahukumu kwanza wazee wetu. Lazima tutafute tofauti mahali pengine.

Tofauti ya kwanza ni hii: alama ya kuchanja ilikuwa inasema « mimi ni wa hapa ». Ilimuingiza mutu mu jamaa, na wenzake walijua kuisoma. Kujichubua kunasema kinyume: « musinihesabu pamoja na wale ». Na mara nyingi wale ni mama yake na wadogo zake.

Tofauti ya pili tunaipata tukiuliza: siku utakapoacha, ngozi itafanya nini? Ukiacha mafuta ya kila siku, utapauka, basi. Kesho ukipakala, mambo yanaisha. Lakini mwenye kuacha kremu ya kuchubua anaweza kuona ngozi inalipiza: inawasha, inatoa vipele, inakuwa nyeusi kupita ya kwanza. Anaogopa, anarudilia. Kitu kinachokutunza kinakuacha huru. Kitu kinachokufunga, hata kama kinakupa uzuri kwa miezi mbili, ni deni.

Tunajua watu watajibu: « Mwili ni wangu, franka ni yangu, weye inakuuma wapi? » Ni jibu lenye nguvu, na hatulidharau. Mutu mukubwa ana haki juu ya mwili wake. Lakini haki inaomba ujuzi, na wengi wanauziwa bila kuambiwa. Idrokinoni, ambayo Ulaya iliikataza mu kremu za ngozi tangu 2001, ikitumiwa miaka mingi inaweza kuleta mabaka meusi-bluu ambayo ni vigumu sana kuondoa. Klobetasoli ni dawa ya kweli ya magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mufupi, chini ya uangalizi wa munganga. Ikipakaliwa mwili mzima kila siku, inapunguza unene wa ngozi, inaleta mistari, na kidonda kinakawia kupona, hata kile cha operasio ya kuzaa. Inaweza pia kupandisha tansio na sukari. Zebaki inaharibu mafigo. Ni kwa sababu hiyo Côte d'Ivoire ilikataza kremu hizi mu 2015, Rwanda ikaanza kuziondoa mu maduka kwa nguvu mwisho wa 2018, na mapatano ya Minamata juu ya zebaki, yaliyoanza kazi mu 2017, yanakataza vipodozi vyenye sumu hiyo. Sheria ni nzuri, lakini haiwezi kuingia kila asubuhi mu chumba cha kuogea.

Na tena, ni nani aliye na kosa? Ni rahisi kumucheka mama ambaye uso ni mwekundu na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Tunamucheka ku soko, ku kanisa, mu bisi. Lakini nani alimufundisha? Ni kaka anayesema mbele ya watu kwamba anatafuta bibi « mweupe kidogo ». Ni tantini anayemuambia bibi-harusi: « Mwezi moja inabaki, anza kujitengeneza. » Ni baba mwenye watoto wawili, anayemuita moja « muzungu yangu » na mwingine « makala », kwa kucheka tu. Mutoto anacheka pamoja nao, lakini neno linabaki. Wale wote hawakununua hata chupa moja, na hata hivyo wako ndani ya biashara. Kwa hiyo tunaona kwamba kumuhukumu mama yule peke yake si haki. Anastahili kusindikizwa ku munganga, kwa sababu kuacha kremu kali kwa gafula, baada ya miaka mingi, kunaweza kumuletea mateso.

Tuwaangalie pia wandugu zetu wanaozaliwa na ualbino. Kama weupe ndio ungekuwa heshima, wao wangeheshimiwa kupita wote. Lakini tunajua namna wanavyoteswa na kuitwa majina. Hapo uongo wetu unaonekana wazi. Tena ngozi yao inatufundisha kazi ya weusi: ile rangi ndani ya ngozi, melanini, ni mwavuli ambao jua la Afrika haliwezi kupita kirahisi. Mutu anayeitoa kwa kremu anatupa mwavuli wakati wa saa sita.

Basi mutu afanye nini asubuhi? Hatutaki kuacha musomaji na maneno matupu. Kazi ya kila siku ni ndogo, na bei yake haiumize. Maji ya vuguvugu, si ya moto sana. Bidoni moja ndogo inatosha. Sabuni isiyo kali, zaidi mahali penye jasho na miguu. Kusugua polepole, maana mwenye kusugua kwa jiwe ao kukamua chunusi anajitengenezea mabaka, na ni mabaka yale yatakayomupeleka kesho kununua kremu mbaya. Kujipangusa bila kukausha kabisa, kisha kupakala mara moja, mbele dakika zipite, kwa sababu mafuta hayaleti maji, yanayafungia ndani. Wazee walisema: ngozi ivute ili maji, hapa mezali inasema kweli mara mbili. Mwenye chunusi asiweke mafuta mazito ku uso. Mafuta mapya yajaribiwe kwanza siku chache ndani ya mukono. Jua kali, kofia ao kitambaa; kwa mwenye ualbino, mikono mirefu na kremu ya kukinga jua, na mwenye kuweza amusaidie kuinunua, maana bei yake ni nzito. Upele ao baka lisiloisha, ni kwa munganga, si kwa muuzaji wa ku soko.

Mutu atasema: hiyo tu? Ndiyo, hiyo tu, lakini kila siku. Na hapa ndipo tunaona mupaka tuliokuwa tunautafuta. Kutunza kunauliza: ngozi hii inahitaji nini? Kugeuza kunauliza: wengine wanataka kuona nini? Ulizo la kwanza lina jibu, na mutu analipata kwa maji na mafuta kidogo. La pili halina mwisho, kwa sababu macho ya watu hayashibe.

Tunaomba wazazi wanaosoma kurasa hizi wafanye jambo moja tu. Wakati unamupakala mutoto mafuta, usinyamaze. Mwambie kwamba ngozi yake ni nzuri, wakati mukono wako ungali juu yake. Atasikia maneno mengine mu barabara. Ni vizuri yakute nafasi imekwisha kujaa.