Tangi la Wakwe

Fundi simu mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa akizalisha mbuna sebuleni kwake. Mbuna ni wale samaki wadogo wa rangi kali wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Jike akishataga huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani kwa takriban wiki tatu, karibu bila kula. Koo hutuna, mdomo haufungi sawasawa. Wiki hiyo majike wawili walikuwa hivyo, na mteja wa vifaranga alikwishatanguliza pesa.

Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja. Jumatano akalitazama tangi: utelezi wa kijani kwenye kioo, sponji ya chujio imegeuka kahawia. Akaona aibu. Kesho yake akamwaga maji yote, akasugua kokoto, sponji akaifua kwa sabuni, akaisuuza na kuianika juani. Tumpe haki yake: maji mapya aliyakinga kwenye pipa tangu jana yake ili klorini iruke. Hilo alifundishwa.

Asichofundishwa ni kwamba ule ukahawia ndio uliokuwa ukiwaweka samaki hai. Samaki hutoa amonia usiku na mchana. Bakteria waliojishikiza kwenye sponji na kokoto huigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu pia, kisha nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao wakifa, kujijenga upya huwachukua wiki nne hadi sita. Isitoshe, alikuwa ameweka makombe yaliyosagwa, yale ya kwenye maduka ya chakula cha kuku, ili maji yawe ya alkali kama ya Nyasa. Ni utaalamu mzuri, ila kwenye maji ya alkali amonia huwa kali zaidi.

Wakwe walisifu sana. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, mbona wote wako juu wanatwetatweta?"

"Njaa tu, mama," akajibu, akawaongezea chakula. Kilichobaki kikaoza, kikazaa amonia nyingine. Pale pale angebadili nusu ya maji na kuwanyima chakula, huenda angeokoa baadhi. Usiku majike wakatema mayai. Kufikia Jumapili mchana samaki wote walikuwa wamekufa, matamvua mekundu kama yaliyoungua.

Akaenda kwa muuzaji wake, mzee wa Kariakoo. "Shikamoo mzee. Nataka majike wengine watano."

"Marahaba. Sponji uliioshaje?"

Akaeleza. Mzee akachomoa sponji chafu kwenye tangi lake mwenyewe, akaitia kwenye mfuko pamoja na maji yake. "Samaki leo sikuuzii. Chukua hii, iwahishe tangini, pampu isizimwe. Kesho uje uchukue wawili, si zaidi. Ikichafuka, ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi."

Kijana akaunusa mfuko, akauliza kama aisuuze kwanza.