Mvinje, Jongoo na Kitabu

Nyali kumekucha, maji yamekupwa. Kabla hujagombea matatu ya kuvuka daraja, hebu sikiliza mivinje inavyovuma huko ufuoni.

Mti huu una kisa. Hapo jirani Bamburi, mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mvinje ukashika. Ila majani yake makavu yalilala tu chini bila kuoza, mpaka akaletwa jongoo. Naam, jongoo huyuhuyu tunayemtupa na mti wake! Akatafuna, kinyesi chake kikawa mbolea, udongo ukapatikana. Leo pale ni Haller Park.

Humo ndimo alimoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajibanza kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee. Kisa chao kikawa kitabu cha watoto. Jana usiku mpwa wangu alinisomea, kidole kikifuata mstari. Kila kiboko akimsogelea kobe, yeye huyo anainuka kucheza, kiuno huku na huku, kama shangazi zake kwenye chakacha. Ukurasa mmoja ukatuchukua nusu saa. Sikumharakisha. Chai ilipoa, basi.

Nilipotoka alfajiri alikuwa bado amelala, kitabu kifuani, na kunguru wameshaanza kelele zao mwembeni.