Je, Marehemu Wetu Hutujia?



Mjane wa hapa Upanga akisema kwamba alfajiri alimsikia marehemu mumewe akikohoa barazani, na moyo wake ukatulia, tumjibuje? Wengine humkemea: hiyo ni mizimu, tubu! Wengine humwonyesha njia ya kwenda Kariakoo, kwa mganga ambaye tangazo lake limebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Majibu yote mawili ni mabaya, na lile la kwanza halina hata huruma.

Jambo lenyewe si la Waafrika peke yao. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alitangaza majibu ya wajane na wagane 293 aliowahoji. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumwona mwenzao aliyefariki, au kumsikia, au kuhisi tu kwamba yupo karibu. Wengi walifarijika, hata hivyo wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Upweke ulioje!

Padre John Mbiti, Mkamba na Mwanglikana mwenzetu, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa fikra za wazee wetu marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yu hai, yumo katika Sasa. Akifa wa mwisho aliyemjua, huzama katika Zamani. Ni fikra nzuri, lakini kumbukumbu yetu ni kibatari chenye mafuta kidogo. Maskini asiye na mtoto, nani atamkumbuka? Sisi twaamini kwamba Mungu ndiye akumbukaye; kwa hiyo mjane hana haja ya kumshikilia mumewe.

Basi iko tofauti kati ya kupokea na kuita. Sauli alikwenda Endori ili Samweli aitwe, akaambulia hofu. Wale wawili wa Emau hawakumwita mtu. Bwana mwenyewe aliandamana nao (wala simfananishi Bwana na kivuli), nao wakarudi Yerusalemu usiku ule ule, kwa wenzao. Faraja inayomrudisha mtu kwa wenzake naipokea. Ile inayodai malipo na kuku mweusi, la.

Tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu wote, kama tulivyorithi kwa wamisionari wa UMCA. Mama huyo alete jina la mumewe. Kama hajui kuandika, mzee wa kanisa amwandikie, na asimhoji alisikia nini, ila mwenyewe akipenda kusema.