Mizani ya Hakimu na Hesabu ya Kura

Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuamua kesi hukutana na maswali mawili. La kwanza lauliza: Je, mshtakiwa ametenda kosa? La pili lauliza: Nikiamua hivi, mimi nitapata nini, au nitapoteza nini? Kila mzee wa baraza kijijini ayajua maswali haya, hasa siku ambayo mshtakiwa ni tajiri au ni ndugu yake. Leo twataka kuyatazama katika kesi iliyo nzito kuliko nyingine, yaani kesi ya Rais wa nchi mbele ya Bunge. Je, yampasa mbunge kupiga hesabu za siasa kabla ya kumshtaki Rais au kumhukumu?

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako jambo hili limejaribiwa mara kadhaa na watu wameyaona matokeo yake. Katiba yao, iliyoandikwa mwaka 1787, yasema kwamba Rais aweza kuondolewa kwa uhaini, kwa rushwa, au kwa makosa mengine makubwa. Baraza la Wawakilishi ndilo lishtakilo, kwa kura zinazozidi nusu. Seneti ndiyo ihukumuyo, nayo haiwezi kumtia hatiani bila theluthi mbili za maseneta waliohudhuria. Tena, kabla ya kusikiliza kesi, kila seneta hula kiapo kwa ajili ya kazi hiyo, mbali na kile alichokula siku alipoingia Senetini. Waandishi wa Katiba waliwajua wanadamu. Walifahamu kwamba hakimu aliye mwanasiasa ana mabwana wengi.

Rais wa kwanza kushtakiwa alikuwa Andrew Johnson, mwaka 1868. Alishika madaraka baada ya Abraham Lincoln kuuawa, akagombana na Bunge juu ya majimbo ya Kusini na haki za watu weusi waliotoka utumwani. Alipomwondoa Waziri wa Vita, Edwin Stanton, bila idhini ya Seneti, akashtakiwa. Sasa tazama walioketi kumhukumu. Nchi haikuwa na Makamu wa Rais wakati ule, na mtu ambaye angeshika urais kama Johnson angeondolewa alikuwa Benjamin Wade, kiongozi wa Seneti. Naye alipiga kura ya kumtia Rais hatiani. Seneta David Patterson alikuwa mkwe wa Rais. Naye alipiga kura ya kumwachilia. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kura zilikuwa 35 kwa 19, na Johnson akaokoka kwa upungufu wa kura moja tu. Hatuwezi kuingia mioyoni mwa watu wale wawili. Huenda kila mmoja aliamini aliyoyasema. Lakini hakimu ambaye hukumu yake yamletea faida hana budi kushukiwa, hata akisema kweli.

Basi, tuseme kwamba kila hesabu ni uovu? Hasha. Daktari mwema hapasui kila uvimbe auonao. Hutazama kwanza kama mgonjwa ataweza kuvumilia kisu. Kumwondoa mtu aliyechaguliwa na mamilioni ya raia ni kupasua mwili wa taifa. Mwaka 1998, Rais Bill Clinton alipokuwa akichunguzwa, chama cha Republican kilichotaka kumshtaki kilipoteza viti vitano vya Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi wa Novemba, na Spika Newt Gingrich akatangaza kujiuzulu. Hata hivyo mwezi wa Desemba Baraza lilimshtaki Clinton kwa kusema uongo chini ya kiapo na kwa kuzuia haki isitendeke. Februari 1999 Seneti ikamwachilia. Wananchi wengi walikuwa wameona kwamba kosa lake, lijapokuwa la aibu, halikutosha kumng'oa.

Tena, shtaka lisilofika mwisho laweza kumwacha mshtakiwa akiwa bado na nguvu. Donald Trump alishtakiwa mwaka 2019, kisha tena Januari 2021, baada ya wafuasi wake kuvamia jengo la Bunge. Mara zote mbili Seneti ilimwachilia. Mara ya pili maseneta 57 walisema ana hatia, na 43 wakasema hana. Zilihitajika kura 67. Mwaka 2024 wananchi walimchagua tena kuwa Rais. Wako wasemao kwamba mambo hayo yathibitisha kuwa shtaka lilikuwa bure. Wengine husema kwamba kunyamaza kungekuwa vibaya zaidi, maana kosa lisilotajwa leo hugeuka desturi kesho.

Sisi twaona kwamba hapana budi kutenganisha mambo mawili. Anayefikiria kushtaki yampasa kuuliza kama ushahidi watosha, kama kosa ni zito, na kama nchi itapona au itaumia zaidi. Hiyo ni busara, na mbunge asiyekuwa nayo ni mtu wa hatari. Lakini hesabu ya taifa si hesabu ya chama, wala si hesabu ya kiti changu. Hizo mbili za mwisho hupenda kuvaa kanzu ya ile ya kwanza. Mtu husema, "Naogopa nchi itagawanyika," kumbe anaogopa kushindwa katika uchaguzi ujao. Na kesi ikishafunguliwa na kiapo kikaliwa, mlango wa hesabu hizo umefungwa kabisa. Hakimu aweza kupima uzito wa kosa. Hana ruhusa kupima uzito wa mfuko wake.

Kuna njia nyepesi ya kujijaribu. Libadilishe jina la mshtakiwa. Lau tendo lile lile lingetendwa na Rais wa chama kingine, ningesema nini? Mwaka 1974 baadhi ya wajumbe wa chama cha Richard Nixon walishinda jaribio hilo: katika kamati ya sheria walipiga kura pamoja na wapinzani wake ili ashtakiwe. Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti, kabla Baraza zima halijapiga kura. Mwaka 2020 Mitt Romney alikuwa seneta wa kwanza katika historia ya nchi yake kupiga kura ya kumtia hatiani Rais wa chama chake.

Lakini msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Katika Baraza la Wawakilishi, wajumbe 10 wa chama cha Republican walikubali kumshtaki Trump mwaka 2021. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2022 walirudi wawili tu. Wanne walikataliwa na wapiga kura wa chama chao wenyewe, na wanne hawakugombea.

Hapo ndipo jambo hili linapotufikia sisi. Katiba ya Tanzania na ya Kenya nazo zalipa Bunge uwezo wa kumshtaki Rais, nazo zadai theluthi mbili za kura. Hatujui ni lini uwezo huo utahitajiwa. Twajua tu kwamba wabunge watakaoutumia, au watakaouacha, wanajifunza hesabu zao kwetu. Tukimwadhibu mwakilishi kwa kuwa alisema kweli juu ya mtu wetu, tumewafundisha wote watakaomfuata kunyamaza. Na mtoto anayetusikia nyumbani tukilaani wizi wa jirani na kuutetea wizi wa ndugu, ameshapata somo lake la kwanza la siasa. Tusishangae atakapolitumia.