Shingo Iliyowapoteza Mabingwa

Mwaka 1887 profesa Othniel Marsh wa Chuo Kikuu cha Yale alipelekewa jozi ya pembe zilizochimbwa karibu na Denver, Marekani. Akaziangalia, akakata shauri: ni za nyati wa kale. Akampa hata jina la kitaalamu, Bison alticornis. Haikuchukua muda mrefu mchimbaji wake, John Bell Hatcher, akampelekea fuvu kutoka Wyoming lenye pembe za namna ileile, na nyati akageuka dinosaria. Jina Triceratops lilitangazwa mwaka 1889.

Kosa hilo husimuliwa kwa kicheko. La shingo halisimuliwi sana, nami naliona zito zaidi, maana liliwapata watu waliokwisha kuwa na mifupa yenyewe mezani.

Nyuma ya fuvu la Triceratops kuna tufe la mfupa, linalokaa ndani ya kikombe kilicho mwanzo wa shingo. Kikombe hicho ni cha pingili za kwanza zilizoungana zikawa mfupa mmoja. Pingili ngapi? Kwa miaka mingi wataalamu hawakukubaliana: wengine walisema tatu, wengine nne. Lakini mnyama akishakomaa, mipaka ya pingili hizo hufutika, na anayehesabu hubaki kukisia. Mwaka 2007 Takanobu Tsuihiji na Peter Makovicky waliulinganisha mfupa huo na ya jamaa za Triceratops ambao bado wana alama za mipaka, wakapata tatu.

Kosa la kuhesabu lina dawa. Gumu ni lile la kueleza sababu. Fuvu la Triceratops huweza kuzidi mita 2, na pembe za juu ya macho hukaribia mita 1. Nani asingesema pingili ziliungana ili kubeba mzigo huo na kuhimili mapigano? Maelezo matamu kiasi hicho hayaulizwi maswali.

Mwaka 2015 Collin VanBuren na wenzake waliyauliza. Walipopanga ukoo wa Triceratops kwa mfuatano, waliona kuanza kuungana kwa pingili hakuendani na kukua kwa vichwa wala kutokea kwa pembe za kupigania. Protoceratops wa Mongolia, wa ukoo huohuo, alikuwa na ukubwa wa kondoo, hana pembe juu ya macho, aliishi mamilioni ya miaka kabla ya Triceratops, na shingo yake ilikuwa imekwisha kuungana. Anayeshikilia hadithi ya mzigo aeleze kwanza kondoo huyo aliihitaji shingo kama hiyo ya nini.